Mwenye Nyumba Ambaye Hakuuliza Kitu

Feza mwanangu,

Mimi Wilondja, baba yako, nina miaka sabini na miwili. Karatasi za kambi zinasema sitini na tisa, lakini aliyeziandika alikuwa na haraka na mimi nilikuwa na njaa, tukapatana. Nimeishi kuliko vita viwili. Nimeishi kuliko kipindupindu, kuliko mama yako, Mungu amlaze pema, na kuliko yule daktari wa kambini aliyesema nisijisumbue kununua viatu vipya. Hapa Minnesota nimeishi kuliko magari matatu, na lile la tatu lilikufa katikati ya theluji mimi nimekaa ndani naimba. Kanisani kwetu hakuna mzee wa rika langu anayepandisha gunia la mchele ngazi mbili bila kupumzika. Mimi napandisha. Juzi uliniona.

Nakuambia haya ili ujue kwamba anayekuandikia si mtu wa kuogopa ovyo. Leo naogopa.

Sasa ni saa tisa mchana. Wewe uko Oakdale na wazee wako unaowatunza, shifti ya mwisho. Begi lako limesimama sebuleni, na kila nikiinua macho naliona. Kesho asubuhi ni basi la Chicago, kwenye kazi yako mpya ya hospitali. Utarudi saa mbili, kwa hiyo nina saa tano za kuandika, nami nazihitaji zote, maana naandika vile yule mwalimu wa watu wazima alivyotufundisha kambini, herufi moja inakaa vizuri ndipo naita nyingine.

Sitakuambia uvae koti zito wala uombe kabla ya kulala. Wewe ndiye unayenikumbusha dawa ya presha.

Wiki tatu tumegombana juu ya chumba hicho cha Chicago. Ulinionyesha picha kwenye simu, jengo la matofali mekundu, na pembeni ya mlango ngazi za kushuka chini ya ardhi.

Ukasema, "Ona, Papa, treni iko mlangoni kabisa. Naamka, nashuka, nafika hospitali. Hakuna gari, hakuna kuondoa theluji."

Nikasema treni itakutikisia kitanda.

"Inapita chini, Papa. Haisikiki."

Nikasema kila anayetoka huko chini atapita dirishani kwako.

"Wewe ulilala porini katikati ya majeshi mawili, leo unaogopa abiria?"

Nikasema treni yetu ya Saint Paul inakimbia juu ya barabara, watu wanaonana, lakini ile ya chini mtu akikufuata nani atamwona. Ukanigeuzia mgongo ukaosha vyombo, tena ukaviosha kwa kelele.

Feza, hayo yote hayakuwa sababu. Niliyasema kwa kuwa yalikuwa karibu na mdomo. Sababu yenyewe naiandika sasa.

Unakumbuka nyumba mbili ulizoomba kabla ya hii. Ya kwanza mama wa ofisi ya kupangisha alikupenda, akakuonyesha jiko na choo kwa video, mkacheka pamoja. Siku ya tatu wakakujibu hapana. Ya pili walijibu hapana siku ileile. Ulikaa mezani, sombe inapoa sahanini, ukasema, "Nina kazi. Nina barua ya hospitali. Sielewi wanaona nini." Baadaye ukasema labda ni kwa sababu sisi ni wakimbizi. Nami nikasema, "Labda." Nililisema nikiangalia sahani.

Mimi najua walichoona.

Rudi kwenye apatimenti yetu ya kwanza, ile ya Saint Paul, ghorofa ya pili. Ulikuwa umetimiza miaka kumi na minane, hata wiki tatu hazijapita. Ofisi ya jengo wakasema mkataba wa kupanga unaandikwa upya na kila mtu mzima aweke saini. Nilijivuna siku ile. Nilimwambia mama wa ofisi hiyo, kwa vidole na kwa Kiingereza changu, kwamba binti yangu anaandika kama karani. Wewe ukaninong'oneza, "Papa, tusome kwanza?" Nikakujibu, "Nimeshausoma." Ukasaini.

Nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja. Kiswahili nakisoma polepole, Biblia nimeimaliza mara mbili, watu wanajua. Kiingereza sisomi. Ile miwani niliyokuwa navaa niliinunua dukani ili nifanane na anayesoma.

Miezi michache baadaye akaja Asukulu, yule tuliyelima naye shamba moja kambini, na mke wake Nabintu na watoto wanne. Walikuwa wamepelekwa jimbo lingine, kazi hawakupata, wakapanda basi kuja kwetu bila mahali pa kulala. Mchungaji akasimama baada ya ibada akauliza nani ana nafasi. Unanijua. Nilikuwa nimesimama kabla hajafika mwisho wa swali. Nikasema, "Nyumba ya Wilondja haina idadi." Watu wakapiga makofi. Sitakudanganya, mpaka leo nikikumbuka yale makofi nasikia raha.

Nje, kwenye theluji, Asukulu akanivuta shati.

"Kaka, ofisi yenu haitakusumbua? Twende niandikwe jina."

"Uandikwe wapi? Kati yetu karatasi za nini?"

Wakaingia kwa wiki mbili. Wakakaa miezi saba. Wewe ulilala kitanda kimoja na mabinti wawili wa Nabintu, ukaenda darasani na macho mekundu, hukulalamika hata siku moja. Nilidhani hiyo ndiyo baraka ya nyumba yangu, kwamba watoto wangu hawalalamiki.

Mkataba ulikuwa na majina ya watu wanaoruhusiwa kulala mle. Si namba tu, majina. Barua zikaanza kuja. Ungenisomea zote kwa dakika kumi. Lakini baba aliyesimama kanisani asubuhi, jioni ampe mtoto karatasi amwambie nisomee? Baba wengine walifanya hivyo kila siku, nami niliwacheka. Nilikuwa nawaambia, "Mimi barua zangu nazisoma mwenyewe." Kwa hiyo ufunguo wa sanduku la barua niliuvaa shingoni, chini ya shati, pamoja na msalaba. Barua ikija naifungua, navaa miwani, napeleka macho kushoto na kulia, naikunja, naiweka ndani ya sanduku la bati tulilotoka nalo kambini.

Ziko kumi na moja. Zipo hapa mezani. Nimezipanga kwa tarehe, maana namba nazijua.

Ya kumi na mbili haikuja kwa posta. Nilikuta imebandikwa mlangoni. Niliibandua kabla hujarudi, nikashuka kwa Mama Kerubo, yule nesi Mkenya wa chini yetu. Nilimwambia miwani yangu imevunjika. Alikuwa amevaa sare, anatoka kazini, akaisoma amesimama mlangoni.

"Mzee, hii imetoka kortini."

"Wanasemaje?"

"Wanasema mlikuwa m-appear mbele ya hakimu Jumanne. Jumanne ilikuwa juzi."

"Basi tutakwenda Jumanne nyingine."

"Hakuna Jumanne nyingine, Mzee. Kesi imeisha. Mnatakiwa mtoke." Akasogeza karatasi karibu na taa. "Na jina la Feza liko hapa, chini ya lako. Feza anajua?"

"Anajua."

"Mzee."

"Nimesema anajua. Nipe karatasi yangu, mama."

Akanipa. Nilipogeuka akaniambia polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa jambo, "Hii kitu itamfuata huyo msichana. Kila nyumba ataomba, wata-check jina, na wataikuta." Nikamjibu kwamba Wakenya wanapenda kutisha watu. Hatukusalimiana tena.

Wiki ileile nilikuambia tunahamia Maplewood kwa sababu ya panya. Ulifurahi, na panya walikuwepo kweli, sikuongeza hata mmoja. Ndugu wa kanisa akatupa vyumba hivi vya chini ya nyumba yake, hakutaka fomu wala jina. Asukulu akapata mahali Hopkins. Na hivyo kwa miaka sita hakuna aliyelitafuta jina lako popote. Lile jambo likanyamaza. Nikaanza kufikiri kwamba nimeishi kuliko hilo pia.

Sasa nifike kwa huyu mtu wako.

Tangazo lilikuja kwenye kundi la kanisa kwenye simu: mwenzetu yuko Chicago, ana chumba karibu na kituo cha treni, hadai fomu za maombi wala historia. Ukampigia, ukaweka spika ili na mimi nifurahi. Sauti yake ilikuwa laini. Kiswahili chake hakikuwa cha Uvira, wala cha Bukavu, wala cha Kigoma. Kilikuwa cha kila mahali.

"Dada, usijisumbue na maombi. Hao wa maofisini wanapekua watu kama wezi. Sisi ni watu wa nyumbani. Kati yetu karatasi za nini?"

Maneno yangu, Feza. Nusu ya pili ilikuwa maneno yangu yenyewe niliyomwambia Asukulu, yametoka kwenye mdomo wa mtu nisiyemwona.

Nikasogea kwenye simu. "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Akacheka. "Mzee, mimi ni mtoto wenu nyote."

"Wa kijiji gani?"

"Vijiji viliisha, Mzee. Si tulikimbia wote?"

"Na ofisi yako iko wapi?"

"Ofisi ya nini? Dada atashuka treni, atanikuta juu ya ngazi za kituo, nitampeleka mpaka ndani. Aje na malipo ya mwezi wa kwanza mkononi. Na aje peke yake, chumba ni kidogo, mtu wa kumsindikiza atakosa pa kukaa."

Ukaichukua simu. "Papa, unamhoji kama polisi." Ukaondoka nayo chumbani, nikakusikia unamwomba radhi kwa ajili yangu.

Mimi nimeulizana na watu wengi katika dunia hii. Hata yule askari aliyechukua mbuzi wetu, mama yako alimuuliza wewe ni mtoto wa nani, akamtaja baba yake na mto wa kwao, halafu ndipo akachukua mbuzi. Ulimi wenyewe unakwenda, huwezi kuuzuia. Huyu wako aliuzuia bila kuhangaika, akacheka na kucheka. Ni mtu aliyezoea kuulizwa.

Nilimpigia aliyeleta lile tangazo. Alilipata kwa mwingine. Yule mwingine alilipata kwa binamu wa mke wake. Nilipiga simu tano, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona chumba hicho kwa macho. Ulipokuwa unaoga nikaitazama ile picha tena. Mlango hauna namba, Feza. Milango mingine ya jengo ina namba, huo hauna.

Ndipo Jumatatu nilipanda mabasi mawili kwenda kwa Mama Kerubo. Alifungua mlango, akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu.

Nikamwambia, "Miwani haikuvunjika siku ile."

"Nilijua, Mzee. Ilikuwa mfukoni, naiona."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikia? Ingia, chai iko tayari."

Nilimweleza yote. Akampigia dada yake anayeitwa Moraa, ambaye anaishi Chicago hukohuko. Jana Moraa alipanda treni hiyo, akashuka kituo chako, akalikuta jengo la matofali. Chini ni duka lililofungwa. Juu akatoka mwanamke mmoja anatupa takataka. Moraa akamuuliza kuhusu chumba cha kupanga. Yule mwanamke akasema hapa hakuna chumba cha kupanga, halafu akasema, "Wewe ni wa tatu kuniuliza mwezi huu. Wale wawili walikuwa wasichana, kila mmoja na begi lake." Moraa akauliza walikwenda wapi. Mwanamke hakujua. Aliwaona wamesimama juu ya ngazi za kituo, wanangoja mtu, na alipotoka tena hawakuwepo.

Labda walirudi makwao. Labda. Unaona, neno hilo tena.

Huyu mtu hakukuchagua kwa bahati. Yeye anangoja watu ambao milango mingine imewakataa, na mimi ndiye niliyekufungia ile milango. Mwenye nyumba wa kweli anataka jina lako, analipekua, halafu anasema hapana. Yeye hataki jina lako kwa sababu hahitaji kukukumbuka. Nimelifikiria hili siku tatu, nikijaribu kulipindua lisinihusu. Halipinduki.

Ninachokuomba ni hiki tu. Usishuke kituo kile. Usimpigie kumwambia kwamba umejua, wala usimpe hasira yako, mwache angoje. Kazi yako nenda ukaifanye, sikuombi ubaki. Moraa atakupokea kwake. Alikwenda kwanza kwenye ofisi ya jengo lake akaomba uandikwe mgeni, na ofisi imekubali mpaka mwisho wa mwezi ujao. Mimi nilipoambiwa hivyo nilitaka kucheka, kwamba mtu anamwombea mgeni ruhusa nyumbani kwake mwenyewe. Sikucheka.

Kuhusu jina lako. Mama Kerubo alinipeleka kwa mwanasheria mmoja, mama wa makamo, anasaidia watu bure. Anasema korti inaweza kuombwa ifiche ile kesi isionekane kwenye jina lako, lakini hakimu atataka kujua kwa nini hukujibu wala hukufika. Lazima pasimame mtu aseme kwamba hukuziona barua. Aliponiuliza, kupitia Mama Kerubo, kwa nini hukuziona, nilianza kusema kwamba posta ya hapa ni mbovu. Mama Kerubo hakuitafsiri. Aliniangalia tu, amekunja mikono, mpaka nikaanza upya.

Kwa hiyo nitasimama. Nitasema mbele ya hakimu, na mkalimani atalitamka kwa sauti, kwamba Wilondja hajui kusoma Kiingereza na alimficha binti yake barua. Walio kanisani watasikia, maana mkalimani wa korti ni shemeji wa mchungaji. Basi wasikie. Nimebeba mizigo mizito kuliko huu, ingawa kwa sasa siikumbuki.

Utakasirika. Nimekuona ukikasirika kwa ajili ya watu wengine, kwa wazee wako wa Oakdale wanaposahauliwa chakula, na sauti yako huwa chini sana. Sijawahi kuisikia sauti hiyo ikinielekea mimi. Ukitaka kuondoka kesho bila kuniaga, ondoka, begi nitalibeba mpaka kwenye gari na sitaongea. Ukitaka kuniuliza, uliza. Nitajibu kila swali hata mara tatu, na ukiona naanza kujisifu niambie ninyamaze. Mama yako alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza.

Nilitaka nikuambie nilichojifunza, nikaona karibu yote unayajua, na mengine uliyajua ukiwa na miaka kumi na minane ulipotaka tusome kwanza. Mimi nilijifunza moja tu. Niliogopa macho ya watu walioketi kwenye viti vya kanisa, watu wanaonipenda, nikakupeleka mikononi mwa mtu ambaye hana uso.

Mwanasheria anasema neno langu peke yake halitoshi, waandike na wengine wanaojua. Hawa hapa, nawe waulize kabla ya mwanasheria, usiniamini mimi.

Mama Kerubo alisoma karatasi ya mlangoni na alinisikia nikisema unajua. Namba yake unayo.

Asukulu, Hopkins. Atakana mwanzoni, kwa aibu, atasema hakukaa miezi saba. Mwache amalize, kisha muulize watoto wake walianza shule wapi.

Na mke wake, Nabintu. Huyu ndiye shahidi mkubwa. Alisoma Kiingereza kidogo Kampala, mimi nilikuja kujua baadaye. Jioni moja wewe uko darasani, nilivaa miwani, nikashika barua ya tano, nikawaambia wote mezani kwamba ofisi inatusifu kwa usafi. Watoto wakafurahi. Nabintu alipokuja kutoa sahani aliiona ile barua iko wazi mbele yangu. Wiki hii Mama Kerubo amenisomea: ilikuwa inasema wao watoke. Hakunirekebisha, maana mgeni hamuumbui mwenye nyumba ndani ya nyumba yake. Asubuhi nikamkuta anakunja nguo za watoto. Nilimkemea, nikazitoa nguo kwenye mfuko kwa mikono yangu, nikamwambia kwangu mgeni haondoki mpaka niseme mimi. Akazirudisha. Tangu siku hiyo hajamwambia mtu, hata mume wake.

Mwambie nimempa ruhusa aseme.

Baba yako,
Wilondja